Zamu ya Gaston

Kitenge changu cha ndoa, kile chenye tausi wa buluu ambacho mama mkwe alinifunga mwenyewe kiunoni, kilikaa miaka juu ya sataranji ya mume wangu. Mimi mwenye kitenge nilikwenda misa na kitambaa cha sokoni, huku kabati la sebuleni limevaa tausi. Nilipiga kelele, nilinuna, nilimsema mbele ya wageni. Wapi! Na leo ukiniambia nimweleze Symphorien kwa mtu asiyemjua, sina pengine pa kuanzia ila kwenye kitenge hicho.

Yeye alikuwa ajusteur, fundi wa kuchonga vyuma, kwenye kiwanda cha shaba hapa Likasi. Mtu mwembamba, mpole, mwenye kuogopa kukosea. Akikaza buloni ya mashine anaikaza, anaondoka, anarudi kuiangalia, akifika nyumbani anaweka tonge la bukari chini na kusema, "Sijui kama niliikaza ile." Namwambia kula, mwanamume, chakula kinapoa! Mimi ni Georgette, watu wananiita Mama Hervé kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, na maneno yote ambayo Mungu alimnyima Symphorien alinimwagia mimi.

Furaha yake ilikuwa moja, sataranji. Kwetu tunasema échecs, maana mchezo wenyewe tuliupata kwa Wabelgiji. Jioni, kazi zikiisha, wanaume walikutana kwenye Cercle, nyumba ya matofali nyuma ya soko la Kikula, mtaani kwetu, wakainamia meza chini ya bulbu moja na kunyamaza kama watu wanaoangalia mgonjwa. Kete za mbao zilipoanza kupotea na kuvunjika, Symphorien aliomba ruhusa kwa mkubwa wake wa kazi, akaokota vyuma vya kutupwa, akazichonga zote upya. Jeshi moja la shaba nyekundu, ndio Weusi. Jeshi la pili la shaba ya manjano, ndio Weupe. Akazipa miguu mizito, ili mtu akipapasa gizani zisianguke.

Maana giza halikuwa geni kwetu. Umeme wetu, ile courant, ulitoka Mwadingusha, kwenye bwawa la mto Lufira, na miaka ile mashine zilipoanza kuchoka ulikatika wakati wowote ulipotaka. Pale Cercle walikuwa na desturi yao. Ikija coupure, umeme ukikatika katikati ya mchezo, hakuna anayegusa kete. Wanatandika kitambaa juu ya sataranji. Yule ambaye ni zamu yake anasema, "Zamu yangu." Mwenzake anajibu, "Courant itarudi." Basi. Wanatoka kwenye baraza, wanakunywa munkoyo, wanazungumza habari za watoto na za mipira, na ni mwiko kutaja mchezo. Umeme ukirudi, hata kama ni kesho yake, wanafunua na kuendelea pale pale. Mji huu nimeona watu wakiiba mpaka vitasa vya milango. Lakini kete kuhamishwa chini ya kitambaa? Sikusikia hata siku moja.

Aliyewaletea desturi hiyo ni Gaston. Huyu alikuwa rafiki wa Symphorien tangu ujana, fundi umeme, aliyewahi kufanya kazi kule kule bwawani, kwa hiyo kila giza likiingia watu wote wanamgeukia yeye: "Gaston! Ndugu zako wamefanya nini tena?" Naye anacheka mpaka meza inatikisika. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye alizaliwa hapa, akaoa hapa, mke wake Mbombo aliuza mchele karibu na meza yangu ya unga pale sokoni. Tulisuka nywele pamoja, tulilia misiba pamoja. Mimi sikuwahi kumfikiria kama mtu wa Kasai. Nilimfikiria kama mtu anayenikopa chumvi na kusahau kuirudisha.

Sasa, Gaston alikuwa na ulinzi wake. Alifundishwa na mwalimu mmoja wa Mulungwishi, na unaitwa Dragon. Mimi sichezi, lakini mke wa mchezaji anajua mambo kwa kuyasikia kila siku. Weupe wanaanza kwa kusukuma pioni, ile kete ndogo ya mbele ya mfalme. Gaston hajibu uso kwa uso, anasukuma pioni ya pembeni. Halafu anaweka fou wake, yule wa kukata mshazari, kwenye kona, na kutoka kona ile anaangalia uwanja mzima. Kuanzia hapo hakuna tena kujificha. Kila mmoja anaacha mlango wake wazi na kukimbilia mlango wa mwenzake, na anayefika wa kwanza ndiye anayekula.

Na Symphorien alikuwa anaukwepa. Kila mara! Badala ya kufungua katikati, anacheza kimya kimya, anajenga ukuta, wanatoka sare. Gaston alikuwa anakuja kunishtakia: "Mama Hervé, bwana yako akilala anafunga mulango, kisha anasukuma kabati nyuma ya mulango, kisha yeye mwenyewe anaegemea kabati!"

"Minye napenda kulala," Symphorien anajibu.

Mwaka wa tisini na mbili, wote wawili walifika finali ya Cercle. Kulikuwa na kombe, zito, zuri, na aliyelipata alitembea nalo Kikula nzima watoto wakimfuata. Symphorien alikuwa hajawahi kufika huko kabla. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha pa kuliweka, pale pale juu ya kabati la sebuleni.

Halafu mambo yakaharibika. Wakubwa walisema maneno yao kwenye mikutano, na maneno yakashuka mpaka kwenye barabara zetu. Watu wenye asili ya Kasai waambiwe warudi kwao. Kwao wapi? Gaston kwao ni Kikula! Lakini vijana walifika kwenye nyumba yake na mawe, wakang'oa mabati, wakatoa vitanda nje. Yeye, Mbombo, watoto na mama yake mzee wakaenda gare, kituo cha treni, kama maelfu ya wengine. Wakalala pale chini ya maturubai, wakipika kati ya reli na kuta, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mimi niliwapelekea unga nikiuficha chini ya majani ya sombe. Mbombo akaniambia Gaston hacheki tena. Hasemi. Anaangalia reli tu.

Siku ya finali ikafika. Adolphe, président wa Cercle, akaja kwetu na kombe mkononi, amevaa tai. "Félicitations, Papa Symphorien. Mwenzako hakutokea. Ni forfait. Weye njo champion."

Symphorien alikuwa ananyoa. Akaweka wembe chini, nusu ya uso ina povu.

"Hakutokea? Juu ya nini hakutokea?"

"Unajua mwenyewe, Papa. Mambo ya sasa. Comité imekata."

"Gaston hajakimbia. Eko gare. Gare ni mbali?"

Adolphe akaangalia viatu vyake. Akasema Cercle haiwezi kutuma mtu kule, vijana wanapiga hata wanaopeleka maji. Akanyoosha mkono na kombe. Na mimi, Mungu anisamehe, macho yangu yalishaliona kombe lile juu ya kabati.

"Rudisha, Président," Symphorien akasema. "Kombe ya bure minye sitaki. Na Gaston hataondoka hapa sawa mwizi. Ataondoka sawa muntu wa finali."

Alimaliza kunyoa. Akavaa shati la Jumapili. Akachukua sataranji, akatafuta kitambaa kikubwa cha kufungia kete, na kitambaa kilichokuwa juu kabisa kwenye sanduku ni kitenge changu cha tausi. Kabla sijafungua mdomo ameshavuka uwanja. Nikisema nilimfuata kwa mapenzi nitakuwa nasema uongo. Nilifuata kitenge changu! Nilikwenda nyuma yake barabara nzima, Papa Hervé simama, Papa Hervé una wazimu, watakuua kwa mchezo, unataka niwe mjane wa échecs? Yeye anatembea tu. Mtu wa kurudi kuangalia buloni, siku hiyo hakugeuka nyuma hata kidogo.

Gaston alikuwa ameketi juu ya sanduku, ndevu zimeota. Symphorien hakumpa pole, hakumwuliza hali. Aligeuza beseni la Mbombo juu chini, akaweka sataranji juu yake, akapanga kete. "Finali," akasema. "Minye na Weupe."

Gaston alimwangalia muda mrefu. Watu walianza kusogea, wanawake na sufuria zao, wazee na fimbo. Symphorien akasukuma pioni ya mbele ya mfalme. Nilifikiri Gaston hatacheza. Halafu mkono wake ukatoka polepole ndani ya koti, ukasukuma ile pioni ya pembeni.

Wakafika mahali ambapo Symphorien huwa anageuka na kujenga ukuta wake. Siku hiyo akasukuma pioni ya katikati. Akafungua uwanja.

Gaston akainua kichwa. "Weye? Leo?"

"Leo."

Gaston akacheka. Beseni likatikisika, kete zile zikakaa imara kwa miguu yake mizito. Mbombo alijifunika mdomo kwa mikono miwili, na mimi nikasahau kitenge.

Sijui kueleza mchezo wote. Najua kwamba Symphorien alimweka mfalme wake upande mmoja, Gaston upande wa pili, kisha wakaanza kukimbiliana. Symphorien alitupa pioni zake za pembeni mbele ya mfalme wa Gaston, akazitoa sadaka ili njia ifunguke. Gaston hakujishughulisha kujilinda. Alimpeleka tour wake, ile ngome inayokwenda moja kwa moja, kwenye mstari unaotazama mlango wa mfalme wa Symphorien. Mume wangu alitokwa jasho mpaka shati la Jumapili likashika mgongo, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya kijana. Nilimwona mzuri. Nasema wazi, nilimwona mzuri kuliko siku ya harusi.

Mwishoni dame, yaani malkia, na tour wa Symphorien walikuwa wamesimama mbele ya mfalme wa Gaston, na wazee waliozunguka walitikisa vichwa: Gaston amekwisha. Ilikuwa zamu yake. Alishika kidevu, akawaza. Ndipo treni ikapiga honi.

Watu wote waliinuka kwa pamoja. Ukiwa hukuwepo huwezi kujua sauti ile, maelfu ya watu wakiita majina ya watoto. Mbombo alibeba mizigo, mama mzee akapitishwa dirishani, mtoto mmoja akafuata. Gaston alikuwa bado anaangalia sataranji.

"Enda," Symphorien akamwambia. "Gaston, enda!"

Gaston akasimama. "Zamu yangu," akasema.

Symphorien alichukua kitenge changu, akakikung'uta, akakitandika juu ya kete.

"Ni coupure tu," Gaston akasema. "Haya, jibu."

"Courant itarudi," mume wangu akasema.

Treni ilimchukua akiwa ananing'inia mlangoni.

Tukarudi Kikula kwa miguu. Symphorien alibeba sataranji kwa mikono miwili, kifuani, kitenge juu yake, hatua moja moja, kama mtu aliyebeba mafuta ya moto. Karibu na soko vijana walitufungia njia. "Umetoka gare? Weye muntu ya nani?" Mmoja akampiga kofi. Mdomo ukapasuka. Mikono yake ilikuwa imejaa, hakuweza kujikinga, na mzigo hakuuachia. Akapigwa la pili. Sataranji haikuinama.

Mimi niliingia katikati. Yale niliyosema siwezi kuyarudia hapa, lakini nilimwuliza mama yake ni nani na kama anajua amezaa mtu wa kupiga mzee mwenye mikono imejaa. Mwingine akainua pembe ya kitenge, akaona shaba nyekundu na ya manjano zimesimama. "Nini ile?"

"Ni mchezo ya rafiki yangu," Symphorien akasema na damu kidevuni. "Haijaisha."

Sijui ni nini kilichowashika. Walipisha. Nyumbani alipanda juu ya kiti, akaiweka juu ya kabati, akafunua kidogo na kuchungulia. Hakuna kete iliyohama. Ndipo aliposhuka, akaketi chini sakafuni, nami nikamfuta damu kidevuni.

Basi, ikaanza miaka ya kungoja. Mshahara ulikuja kwa kuchelewa, kisha kwa vipande, kisha ukaacha kuja. Tuliuza friji, tukauza baiskeli, tukauza kitanda cha wageni. Symphorien, fundi wa mashine za kipimo cha unywele, aliketi uani akigonga mabati ya zamani kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, nami nikayapeleka sokoni pamoja na unga. Siku moja akaja mnunuzi wa shaba. Mtu alishamwambia kuna nini juu ya kabati letu. Alizinyanyua kete mbili, akapima uzito kwa kiganja, akasema atatoa gunia zima la unga kwa zile zote.

Gunia! Watoto walikuwa wamelala na uji mwepesi.

"Zirudishe pale ulipozitoa," Symphorien akamwambia. "Ile kwenye mustari wake, na ile kwenye wake."

"Papa Hervé," nikasema, "ni unga."

"Ni zamu ya Gaston."

Nilirusha mwiko ukutani. Nilimwambia Gaston anakula nini kwangu, Gaston ananiletea nini, kwamba mtu anaweza kuchonga vyuma vingine lakini watoto hachongi. Alitoka, akaenda uani, akagonga mabati mpaka giza, na kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata, vidole vyake vimekatwakatwa, mpaka akaingia na unga begani. Aliuweka mbele yangu. Nilimpikia, nikamwosha vidole, na habari ya kuuza sikuitaja tena. Habari ya kitenge, ndiyo. Hiyo niliitaja kila Jumapili.

Maana kila Jumapili baada ya misa alifunua kitenge na kuzifuta kete vumbi, moja moja, na kila moja akairudisha mahali pake. Tour wa Gaston alimfuta polepole zaidi.

Na treni zilizotoka Kasai hakuacha kwenda kuzingoja. Aliuliza kila mtu. Habari zilizokuja hazikuwa nzuri. Wengi walikufa njiani, kwa joto, kwa kuhara, kwa kubanwa. Mmoja alisema walimzika mama yake Gaston kando ya reli kule Kamina. Mwingine akasema hapana, aliyezikwa ni Gaston mwenyewe. Kuanzia hapo watu walianza kutupa pole barabarani.

Adolphe alikuja tena, safari hii bila tai. Alikuja kwa wema, siwezi kumsema vibaya. Alisema tumwombee marehemu misa, tufunge habari hii, na kombe bado liko Cercle, halina jina. Akafunua kitenge mwenyewe akaangalia. "Na hata angekuwa muzima, Papa, ile partie ilishakwisha. Angalia. Weusi bamekufa."

Symphorien akafunika. "Muntu mwenye kufa haina zamu, Président. Hii ni zamu yake."

Mimi nilikuwa jikoni. Nililia kwenye sombe, maana nilifikiri mume wangu sasa amepotewa na akili, na wakati huo huo nilijua sitapata mwanamume mwingine kama huyu.

Parokia yetu ilikuwa na phonie, redio ya kuitana na miji ya mbali. Simu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo mji mzima ulipanga mstari pale, na hakuna siri: mmoja anasema na kifaa, wengine wote wanasikia nani amekufa, nani amezaa, nani ameolewa bila kuaga. Ukimaliza kusema unasema "À toi," yaani zamu yako, ndipo mwenzako anajibu. Binti aliyeishika aliitwa Fidélie. Asubuhi moja ya kiangazi akaingia uani kwetu anahema.

"Papa Symphorien! Kuya mbio! Banakuita toka Mwene-Ditu, kule Kasai!"

Alikimbia na nyundo mkononi. Mimi nyuma yake, unga mikononi. Watu wa mstari walitupisha. Sauti ndani ya redio ilikuwa inakwaruza, inapanda na kushuka, usingejua ni ya mwanamume au ya mwanamke.

"Symphorien? Unanisikia? À toi."

"Nani anasema? À toi."

Kelele. Kelele tupu. Fidélie alizungusha, akagonga kifaa kwa kiganja. Kisha:

"Courant imerudi. Unisamehe kukawia, ndugu yangu, nilikuwa nawaza. Tour inakamata cavalier, C-trois. À toi."

Nyundo ilianguka chini. Fidélie akasema, jibu, Papa, jibu, betri inaisha! Alikuwa amesimama pale, mdomo wazi, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake.

"Ni yeye?" nikamwuliza. "Sauti hii inaweza kuwa ya mtu yeyote!"

"Njo yeye. Njo ile coup."

Ndipo aliponiambia. Jumapili ya kwanza kabisa, alipokuwa anafuta vumbi, aliiona. Kulikuwa na njia moja tu ya kumwokoa Gaston: amtoe tour wake, ngome nzima, aichukue cavalier ya Symphorien, yule farasi anayelinda mlango wa mfalme. Ukiangalia haraka ni hasara. Mtu wa hesabu hawezi kuifanya, Adolphe hakuiona. Ni mtu wa Dragon tu anayetupa ngome hivyo. Na baada ya hapo Weupe hawana pa kujificha. Symphorien aliijua siku zote hizo, hakumwambia mtu, na kila Jumapili alimfuta yule tour na kumrudisha kwenye mstari ule ule ambako angetoka kumpiga yeye mwenyewe.

Akashika kifaa.

"Pion inakamata tour," akasema. "Gaston. Pion inakamata tour. À toi."

Pale parokiani walipiga makofi watu waliokuja kuulizia misiba yao.

Mchezo uliendelea hivyo, kila betri ilipokubali. Kati ya coup na coup, hatua moja na nyingine ya mchezo, tulipata habari nyingine: kwamba ni kweli mama yake alibaki Kamina kando ya reli, kwamba Gaston mwenyewe aliugua muda mrefu kijijini kwa ndugu za Mbombo, mahali pasipo na phonie wala barabara. Sataranji hakuwa nayo. Aliubeba mchezo kichwani, na homa ilipompanda, Mbombo alisema, aliita majina ya kete. Wanawake sokoni, ambao hawajui pioni ni nini, walianza kuniuliza, "Mama Hervé, na ile partie?"

Symphorien alipigwa. Alijilinda vizuri, lakini alipigwa. Siku ya mwisho alimlaza mfalme wa manjano nyumbani kwanza, kwa mkono wake, kisha akaenda parokiani amevaa shati la Jumapili. "Roi inalala," akasema. "Weye njo champion. À toi."

Redio ikakwaruza tu. Tukafikiri betri. Halafu ikaja sauti ya mwanamke: "Gaston hawezi kusema, analia. Mama Hervé eko? Mwambie chumvi yake sijasahau. À toi."

Ai, Mbombo! Nilicheka nikalia pale pale mbele ya watu.

Kombe Symphorien alilitoa Cercle mwenyewe, na Adolphe hakumzuia. Alichonga jina la Gaston kwa chuma chake, herufi safi kabisa, akazikagua na kuzikagua tena, kisha akalituma na mfanyabiashara wa treni. Lilifika.

Kitenge changu alikifua yeye, akakipiga pasi ya makaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Tausi walikuwa wamepauka upande wa dirisha. Nilikifunga siku hiyo hiyo, nikapita nacho Kikula nzima polepole, nikasimama mbele ya kila meza ili wote waone.

Niliporudi mchana, upepo wa kiangazi ulikuwa unaingiza vumbi sebuleni. Sataranji ilikuwa juu ya kabati, kete zote zimepangwa upya, na pioni moja ya manjano, ile ya mbele ya mfalme, imesogea mbele. Symphorien alikuwa amesimama hapo na shati lake kuukuu mkononi, analipima kama litatosha kufunika. Halikutosha. Aliniona, akaangalia kitenge, akaangalia pembeni. Asingethubutu kuniomba.

"Zamu ya nani?" nikamwuliza.

"Ya Gaston."

Nikafungua kitenge kiunoni, nikapanda kwenye kiti, nikakitandika mimi mwenyewe.